Japani ya Juja Road

Mgeni akiuliza ni wapi Nairobi ataionja Japani, wengi watamwelekeza Upper Hill, kwenye ubalozi wa Mara Road, au Westlands kwenye mikahawa ya samaki mbichi. Mimi humwambia apande matatu ya Juja Road, apite Ngara, apite Pangani, ashuke kabla ya Huruma. Kulia kwake ataiacha Eastleigh na ua mrefu wa kambi ya jeshi la anga. Kushoto ardhi inazama ghafla, na kinachoonekana kwanza ni mabati: mabati mekundu kwa kutu, mabati mapya yanayometameta, yameshikana kuteremka hadi mtoni na kupanda ng'ambo. Hiyo ndiyo Mathare. Humo ndani, nyuma ya mapazia ya blanketi, wanaishi Jin Kazama, Yoshimitsu, Naruto na Tsubasa, na huku wamezoeleka kama watoto wa ploti ya jirani.

Japani ya chuma Nairobi imeizoea. Matatu ya abiria 33 mara nyingi ni Isuzu iliyounganishwa Mombasa Road, kisha ikajengewa bodi na kupakwa rangi na mafundi wa hapa. Ile ya abiria 14 wazee bado wanaiita nissan hata kama nembo ya mbele ni ya Toyota. Magari ya mitumba yanayoshushwa bandarini Mombasa mengi yametoka kule, sharti yasizidi miaka minane, na mengine ukiyawasha yanakusemesha kwa Kijapani, sauti ya mama mpole ambayo madereva wetu hawaielewi wala hawajui pa kuizimia. Japani ya hadithi ndiyo inayotaka uteremke bondeni kwa miguu.

Mawe ya kujengea jiji yalichimbwa huku, ndiyo sababu bonde lina kingo kali na vishimo visivyotarajiwa. Watu waliishi huku tangu enzi za mkoloni. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali yake ilizibomoa nyumba zao, na uhuru ulipokuja wakarudi, wakaja na wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, kwenye eneo la kilomita za mraba zisizozidi tatu. Majina ya vijiji vyake yana historia na utani pamoja: Mashimoni, Mabatini, Bondeni, Kosovo, Village Two, 4A. Vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja lazima ajipe upande. Ukitembea unapishana na moshi wa mutura, na beseni la mandazi, na kinyozi aliyetundika kioo nje ya mlango, na mama anayeanika nguo juu ya kichwa chako. Sehemu za Kiamaiko utajua umefika kwa harufu ya mbuzi kabla hujaona mbuzi mwenyewe.

Kwa sababu nyumba ni ndogo, starehe hufanyiwa nje ya nyumba, na kwa pamoja. Hilo tu likumbukwe, mengine yote yatafuata.

Kibanda cha PS, yaani PlayStation, hakina haja ya bango. Kelele zake zinafika kichochoro cha pili. Ndani kuna giza, mabenchi ya mbao, televisheni mbili tatu za kisogo kirefu, siku hizi na bapa moja ya mtumba, na mashine zimefungiwa kwenye visanduku vya vyuma ili zisiende matembezi usiku. Padi zimezungushiwa selotepu. Mwenye kibanda anakaa mlangoni na mkebe wa sarafu, na sheria yake ni fupi: mchezo ni shilingi kumi au ishirini, mshindi anabaki, aliyeshindwa anainuka. Anayetaka kuendelea alipe tena akae mwisho wa foleni.

PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000. Sony iliuza zaidi ya milioni 150, na ilipofika 2013 ikaacha kabisa kuitengeneza. Eastlands haikupata taarifa hiyo. Fundi wa huku anaifungua, anaisafisha jicho la kusomea diski, anaifunga, na inarudi kazini siku hiyohiyo. Zimekuja za tatu na za nne, lakini ya pili bado ina wapenzi wake, hasa kwa sababu ya Tekken.

Tekken inastahili kusimuliwa kidogo. Kampuni ya Namco iliitoa mwaka 1994, na haikutengenezwa kwa ajili ya sebule ya mtu. Ilikuwa mashine kubwa iliyosimamishwa kwenye kumbi za michezo za Japani, mahali ambapo wanafunzi na vibarua walitumbukiza sarafu ya yeni 100, wakapigana na wasiowajua, na aliyepigwa akatoa sarafu nyingine au akapisha. Mchezo wote umepangwa kwa mantiki ya sarafu: raundi fupi, ushindi wa kishindo, aibu mbele za watu. Street Fighter II ilishaipasha moto biashara hiyo kuanzia 1991. Baadaye PlayStation ikauchukua mchezo, ikauingiza majumbani, na kumbi nyingi za Japani zikaanza kufifia. Mathare, isiyo na sebule za kutosha, ikautoa tena hadharani. Sarafu imerudi, foleni imerudi, aibu imerudi. Mjapani aliyekulia kwenye kumbi zile, akiketi kwenye benchi la Mashimoni, atakuwa nyumbani zaidi kuliko akiketi kwenye kochi la ngozi Kileleshwa.

Wahusika nao, Jin Kazama na Yoshimitsu wakiwemo, wana makao yao huku. Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira aliyeingia na Tekken 3 mwaka 1997, ndiye kimbilio la asiyejua lolote: bonyeza kitufe chochote, naye atazunguka kama pia na kumwangusha bingwa wa mtaa. Kwa hiyo ukimchagua, utazomewa. Wajuzi humpenda King, mwanamieleka wa barakoa ya jagwa, na ukisoma habari zake utaona kwa nini. King wa kwanza alijenga nyumba ya watoto yatima, na alipigana ili apate fedha za kuwalisha. Hakuna haja ya kumfafanulia mtoto wa Mathare habari hiyo.

Upande wa soka, vijana wa leo wamehamia mchezo ambao bado wanauita FIFA, kazi ya kampuni ya Marekani. Waliotangulia wao ni watu wa PES ya Konami ya Japani, na watakusimulia Adriano wa PES 6 na mashuti yake ya mguu wa kushoto kana kwamba aliwahi kuchezea uwanja wa hapo juu. Mimi niko upande wa wazee.

Jambo moja linaniudhi: vibanda hivi ni vya wavulana. Msichana akiingia ni kumfuata kaka yake ampe ujumbe wa mama. Na bado Mkenya anayejulikana zaidi duniani kwa Tekken ni mwanamke, Sylvia Gathoni, jina la ulingoni Queen Arrow, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kenya kusajiliwa na timu ya nje katika michezo hii. Wenye vibanda wangetenga hata saa moja ya Jumamosi kwa wasichana, mkebe ungejaa mara mbili.

Ukitoka kwenye PS, hatua chache mbele kuna video. Ukumbi wa video wa Mathare ni chumba cha mabati, skrini moja, benchi za safu, na ubao wa chaki nje ulioandikwa filamu za siku. Hapa mfalme ni sauti. James Muigai, anayejulikana na Kenya nzima kama DJ Afro, huchukua filamu ya Hong Kong, ya India au ya Hollywood, akaizungumzia juu kwa juu kwa Kiswahili na Sheng. Hatafsiri tu. Anawapa wahusika majina mapya, anamkanya jambazi, anamwonya shujaa asigeuke, anatoa maoni kuhusu sketi ya mpenzi wake. Wengi wa waliokulia Eastlands hawakumbuki filamu fulani ilisema nini kwa Kiingereza. Wanakumbuka DJ Afro alisema nini. Tanzania ilikuwa na Lufufu, jina lililopendwa la Derek Mukandala. Uganda ina jeshi zima la wazungumzaji kama hao, mavijei, na Kampala hawaendi kuangalia filamu kabla ya kuuliza imezungumzwa na nani.

Wasomi wa sinema wakiona haya huyaita maajabu ya Afrika. Wangeanza Tokyo. Filamu zisizo na sauti zilipofika Japani mwishoni mwa karne ya 19, hazikuachwa kimya: kando ya skrini alisimama mtu, benshi, akaigiza sauti za wahusika wote, akaeleza mambo ya ughaibuni ambayo watazamaji hawakuyajua, akachekesha, akaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walikuwa zaidi ya 6,000 wenye leseni. Majina yao yaliandikwa kwenye mabango makubwa kuliko ya waigizaji, na watu walinunua tiketi kumfuata benshi fulani. Filamu zenye sauti zilipoingia, wakagoma, wakashindwa. Mmoja wao aliitwa Heigo, aliyejiua mwaka 1933. Mdogo wake, aliyepelekwa naye sinema tangu utotoni, ni Akira Kurosawa.

Na Kurosawa amefika Mathare, ingawa aliingilia mlango wa uani. Filamu yake ya mwaka 1954 kuhusu samurai saba wanaokodishwa na wanakijiji maskini ili wawakinge na majambazi iligeuzwa na Wamarekani kuwa ya wachunga ng'ombe mwaka 1960. India ikachota humo ilipotengeneza Sholay mwaka 1975: kijiji, jambazi, wapiganaji wa kukodi. Ile nyingine yake ya 1961, ya samurai asiye na bwana anayeyachonganisha magenge mawili, ndiyo iliyozaa filamu ya Clint Eastwood ya 1964. Kwa hiyo watoto wawili wakipigana kwa vijiti kwenye ngazi za Mabatini, mmoja akijiita Gabbar, jambazi wa Sholay, na mwingine Eastwood, wote wawili wanakula kwa Kurosawa na hawamjui. Hadithi ya kijiji maskini kinachojitafutia walinzi kwa sababu serikali haionekani ilikuwa na uhakika wa kupata wenyeji huku.

Katuni zenyewe za Kijapani, anime, hazikai sana kwenye ukumbi wa video. Zinakaa kwenye flashi na simu. Maduka madogo ya muvi kando ya Juja Road huweka filamu na misimu kwa bei ya sarafu: unapeleka flashi yako, unachagua kwenye orodha, unarudi nyumbani na msimu mzima. Kuanzia 2021 Netflix iliwapa Wakenya huduma ya bure kwenye simu za Android, nchi yetu ikiwa ya kujaribiwa, kisha ikaifunga Novemba 2023. Ladha ilishaingia. Maduka ya flashi yalifurahi.

Naruto ndiye baba lao. Masashi Kishimoto alimchora kuanzia 1999 hadi 2014, sura 700: mtoto yatima, anatengwa na kijiji kwa balaa ambalo hakulitaka, anapaka rangi sanamu za wakubwa ili aonekane, na anaapa kwamba siku moja atakuwa kiongozi wa kijiji hichohicho. Nimewasikia watu wazima wakishangaa vijana wa huku wanaona nini kwa kijana wa nywele za manjano. Wamsome. Kijana anayesimamishwa na polisi kwa kutajwa tu anakotoka anaona mengi. Mathare Social Justice Centre, kituo cha wakazi wenyewe, kimekuwa kikiandika majina ya vijana waliouawa kwa risasi, na mwaka 2017 kilitoa ripoti iliyoitikisa nchi. Katika One Piece ya Eiichiro Oda, inayoendelea tangu 1997, wenye sare ndio mara nyingi wa kuogopwa, na maharamia wa kofia ya majani ndio wanaogawana chakula. Mwaka 2025 bendera ya fuvu lenye kofia hiyo ilibebwa na vijana mitaani Indonesia, Nepal, hadi Antananarivo, ambako Wamalagasi walilivua fuvu kofia ya Oda na kulivisha ya kwao.

Halafu kuna mpira. Mathare ni nchi ya mpira kwanza, ya mengine baadaye. Mathare Youth Sports Association ilianzishwa 1987, na ligi zake zina kanuni ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kusikia: timu hupata pointi kwa kuzoa taka za mtaa, kama inavyopata kwa kushinda mechi. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, bingwa wa Kenya 2008. Watoto hawa wakimwona Kapteni Tsubasa, mvulana wa Yoichi Takahashi aliyeanza kuchorwa 1981, anayelala na mpira na kukimbia uwanja usioisha, wanacheka ule uwanja, lakini mpira wa kulala nao wanaujua, hata kama wa kwao ni wa karatasi na kamba. Wajapani walichora ndoto hiyo kabla nchi yao haijawa na ligi ya kulipwa. J.League ilianza 1993.

Na ligi hiyo ilikuja kumtawaza mtoto wa Nairobi. Novemba 2019 Michael Olunga aliifungia Kashiwa Reysol mabao manane katika mechi moja, walipoichapa Kyoto Sanga 13 kwa 1. Msimu uliofuata, ligi kuu, akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka. Takahashi angepeleka mechi ya 13 kwa 1 kwa mhariri wake, angerudishiwa karatasi aandike kitu kinachoaminika.

Vitabu vyenyewe vya manga ni adimu bondeni. Nakala moja mjini ni bei ya chakula cha familia. Lakini vibonzo si vigeni. Babu aliyesoma Taifa Leo alimjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo. Mjukuu amekulia Shujaaz, kijarida cha Sheng kilichoanza 2010, kikagawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kikaja kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Kijarida kimoja kilisomwa na ploti nzima mpaka wino ukafutika. Hapo pia Japani ina mambo ya kufanana. Miaka ya 1930, kazi zilipokosekana, wanaume walipanda baiskeli na kisanduku cha picha za kadibodi, wakagonga vijiti viwili pembeni mwa barabara, watoto wakajaa. Aliyenunua peremende alikaa mbele. Asiyenunua alisimama nyuma, lakini aliona. Baadaye, baada ya vita, kulikuwa na maduka ya kukodisha vibonzo kwa vijisenti. Wachoraji kama Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono mmoja vitani, walianzia kwenye zile picha za baiskeli kabla ya kuwa majina makubwa ya manga. Fahari yote ile ya Akihabara, mtaa wa manga wa Tokyo, na mataa yake na sanamu zake za bei ya pikipiki, ilianzia kwa mtoto aliyesimama nyuma bila peremende.

Ndiyo maana naisifu Mathare bila kusitasita. Nimeona pia maonyesho ya vibonzo kwenye kumbi za Nairobi, vijana wamevaa mavazi ya Naruto yaliyoshonwa kwa ustadi, na ni raha. Lakini kule unalipa kiingilio uwe mshabiki. Huku bondeni sanaa hii inatumika ilivyokusudiwa kutumika: kwa sarafu, kwa bega kwa bega, kwa sauti ya mtu anayeieleza upya, mtoto asiye na kitu akichungulia mlangoni. Na wanaochungulia wameanza kuchora. Kuta za Juja Road na mbavu za matatu ni madaftari yao. Studio za jiji hili zilishatengeneza katuni za Tinga Tinga Tales, na Ng'endo Mukii, Mkenya, aliongoza Enkai, mojawapo ya filamu fupi za mkusanyiko wa Kizazi Moto zilizotoka Disney+ mwaka 2023. Sijasikia studio zetu zimeweka hata darasa moja la uchoraji hapa, na sijui kwa nini. Mwendo wa matatu hauzidi nusu saa, jam ikikubali.

Si kila kitu ni cha kusifu. Aprili 2024 mto ulifurika usiku, ukaua watu na kubeba nyumba, na wiki chache baadaye matingatinga ya serikali yakabomoa zilizobaki kwenye kingo. Vibanda vya mabondeni vilikwenda na mashine zake. Stima hukatika katikati ya raundi, na hapo utasikia matusi ambayo hayamo kwenye kamusi. Walimu na akina mama wana kesi yao dhidi ya PS, na wana haki: kibanda kinachomwingiza mtoto wa sare saa nne asubuhi kinafaa kufungwa.

Ukitaka kwenda, nenda Jumamosi mchana, mvua ikiwa haijanyesha, na uende na mwenyeji. Vaa viatu vya kupita matope. Weka sarafu mfukoni, maana noti ya elfu moja hakuna atakayeivunja. Usitoe simu kupiga watu picha bila kuwaomba. Wamepigwa za kutosha. Wasalimie wazee kwenye benchi la nje kabla ya kuinama kuingia. Na ukipigwa Tekken na mtoto wa darasa la tano, jambo ambalo ni karibu hakika, toa ishirini nyingine au umpishe anayengoja.